Sare ya harusi Lamu: namna ya kuitaka bila kumvunja mtu moyo

Sare ya harusi si jambo geni kwetu. Vyama vya zamani vya lelemama, ngoma ya wanawake, Mombasa na Lamu, vilishindana kwa nguo kama vilivyoshindana kwa ngoma, na mpaka leo mama mwenye harusi hununua leso za aina moja akawagawia nduguze ili wageni wakiingia wajue nani wa nyumbani. Kilichobadilika ni upana wa agizo. Sare iliyokuwa ya ndugu na rafiki wa karibu sasa hutumwa kwa simu kwa watu 300, wengine majirani wa mtaa wa tatu, na wote huambiwa kitambaa kimoja, duka moja, mshono mmoja, wiki mbili. Mwanamke asiye na pesa za kitambaa na za fundi hatasema. Siku ile ataumwa na kichwa. Nyumba itamkosa, naye ataikosa harusi ya mtoto aliyemwona akitambaa.

Kwa hivyo tunaanzia hapa: anayeagiza nguo ndiye abebaye uzito wa agizo lake. Akiweza kuitoa sare bure, aagize. Asipoweza, aombe, tena aombe mapema, kwa bei inayojulikana, na amwachie nafasi yule asiyeweza ili aje vile vile na akae vile vile.

Kila shughuli na nguo yake

Harusi moja ya Lamu ni shughuli kadhaa, na kosa la kwanza ni kutoa rangi moja kwa zote. Kaeni na karatasi, mwandike kila shughuli, mahali, saa, na nani anakuja. Halafu amueni ni ipi inayohitaji sare. Kwa kawaida ni moja, mbili zikizidi.

Nikaha haihitaji agizo lolote. Kanzu na kofia ni sare tayari, na hakuna mwanamume wa Lamu anayengoja kuambiwa. Mkitaka wapambe wa bwana harusi wajulikane, watofautisheni kwa kikoi cha ndani kinachochungulia chini ya kanzu, au kwa koti la rangi moja. Joho na kilemba mwachieni bwana harusi mwenyewe; wapambe wanne wenye majoho humfanya atafutwe. Kofia ya kushonwa kwa mkono msiiagize kama sare ila mmejipa miezi, maana kazi yake ni ya sindano tundu kwa tundu na haiharakishwi. Na jambo linalosahauliwa na dada wanaopanga rangi: hariri na dhahabu hazivaliwi na wanaume katika dini. Tai ya hariri au pete ya dhahabu ikiwekwa kwenye sare ya wapambe, wengine wataivua mlangoni, na sare itakuwa imeharibika kwa jambo lililojulikana tangu mwanzo.

Chakula cha mchana, wacheni kila mtu aje na nguo yake safi. Pilau na rangi ya maziwa havipatani.

Usiku wa hina ndio mahali pa leso. Hina ikiingia kwenye pamba haitoki, na singo ya kumsugua bi harusi, yenye manjano, ni hivyo hivyo, kwa hivyo msichague leso yenye mji (yaani sehemu ya katikati) mweupe au wa waridi hafifu. Chagueni iliyojaa maua, yenye rangi nzito: hudhurungi, damu ya mzee, kijani kibichi, buluu ya bahari. Doa likianguka halionekani, na leso hiyo itavaliwa tena jikoni na mazishini kwa miaka.

Kupamba ndiko kwenye gharama na ndiko kwenye magomvi. Hapa wanawake huvaa magauni yao mazuri, hapana wanaume, na bi harusi hukaa juu watu wamwone. Ushauri wetu ni mmoja: kitambaa cha aina moja kiwe kwa walio wa nyumba tu, yaani mama, mama wadogo na wakubwa, shangazi, dada, mawifi wa karibu na somo anayemfunda bi harusi. Wageni wengine wapewe, kama lazima, jamii ya rangi, si kitambaa. "Rangi za kijani" mtu ana nguo yake kabatini. "Kijani hiki, lesi hii" lazima akanunue.

Kauli ni ya nani

Aliye na shughuli ndiye mwenye kauli. Shughuli ikiwa ya upande wa mke, mama wa bi harusi ndiye anayesema rangi, na upande wa mume huarifiwa. Ikiwa ya upande wa mume, ni kinyume chake. Arifuni kabla ya kununua, wala si baada: mama mmoja amwendee mwenziwe kwa miguu, na kipande cha kitambaa mkononi, amwambie, "Sisi twafikiria hii, nyinyi mwaonaje?" Simu haitoshi kwa jambo hili. Pande mbili zikikutana ukumbini na rangi moja bila kupatana, kila upande huamini umeigwa, na maneno hayo hukaa kwa miaka.

Rangi ya bi harusi iwekwe kando kabla ya yote. Mwulizeni atavaa nini kila usiku, muziandike rangi hizo, na msiziguse. Pamoja nazo wekeni kando kisutu. Leso hii nyekundu, nyeusi na nyeupe ni leso ya bi harusi tangu zamani za bibi zetu, na kuwavisha kisutu wageni mia ni kumnyang'anya mwenyewe nguo yake.

Someni jina la leso

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Wanaonunua kwa haraka hutazama rangi ya mji na kusahau jina, kisha jina ndilo linalosomwa na kila anayekaa nyuma yao. "Hasidi hana sababu" ni maneno ya kweli, lakini yakivaliwa na wanawake 40 wa upande wa mke siku mawifi wanapoingia, kila wifi atauliza ni nani hasidi. Leso husema mafumbo. Hiyo ndiyo kazi yake, na huwezi kuivaa halafu ukadai hukusema kitu. Chagueni jina la dua, la shukrani au la pongezi kwa mtoto. Msomeeni mtu mzima mmoja kwa sauti kabla hamjalipa, maana maneno yaliyo mazuri kwa kijana huwa yana maana ya pili kwa bibi yake.

Zikienda kwa fundi, mwonyesheni jina likae wapi. Kwa leso iliyofungwa, jina hukaa chini ya mji na husomeka nyuma. Kwa leso iliyoshonwa gauni, fundi asiyeambiwa hulikata katikati, hulipindua kichwa chini, au hulizika kwenye pindo. Tieni chaki.

Hesabu ya kununua

Leso moja ni kiasi cha sentimita 150 kwa 110, na doti ni mbili. Doti moja inatosha gauni la mtu wa mwili wa wastani. Mwenye mwili mkubwa, au anayetaka mikono mirefu na mtandio juu yake, anahitaji doti mbili. Anayefunga tu, moja kiunoni na moja kichwani, doti moja yamtosha hata awe na mwili gani.

Kwa watu 40 wa nyumba, basi, msinunue doti 40. Ongezeni 6 kwa wenye miili mikubwa, na 4 za akiba kwa shangazi atakayefika bila taarifa na kwa ile itakayoungua na pasi. Ziwe 50. Mkinunua kwa korja, yaani ishirini ishirini, ulizeni mwenye duka anahesabu doti au vipande, kwa sababu mkosano wa hapo ni wa nusu ya mzigo.

Kitambaa cha gora, kinachokatwa kwa yadi, kina hesabu nyingine. Gauni refu lenye mikono kwa mtu mzima lataka kiasi cha yadi 4 ikiwa upana wa kitambaa ni inchi 45, na yadi 3 ikiwa ni inchi 60. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 nusu ya hiyo, na kidogo juu. Kwa hivyo ujumbe unaosema "nunueni yadi 3" bila kutaja upana utawaacha watu na gauni lisilofika kisigino. Tajeni upana kila mara.

Nunueni zote siku moja, dukani pamoja, na ikiwezekana kutoka gora zilizofika pamoja. Zifunueni mlangoni penye mwanga wa jua mzilinganishe. Gora mbili za jina moja na namba moja ya rangi huweza kutofautiana, na tofauti ambayo taa ya duka huificha itaonekana wazi kwenye jukwaa. Ndiyo sababu pia haifai kuwaambia watu "kila mtu ajinunulie": wa Malindi atapata moja, wa Mombasa nyingine, wa Lamu atakuta imekwisha.

Pamba hurudi ikifuliwa. Leso na kitambaa cha pamba viloweke usiku mmoja kwa maji baridi, vianikwe kivulini, kisha vikatwe. Nguo iliyokatwa kabla ya kuoshwa hubana mara ya pili kuvaliwa, na nyekundu isiyoloweshwa huchuja kwapani kabla ngoma haijapamba moto. Jambo la joto nalo lisipuuzwe. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikiwa imekaza, ua lililozungushiwa turubai na kujaa wanawake mia mbili ni tanuri. Satini nzito hushika mgongo na kuonyesha kila tone la jasho. Pamba, voili, au shifoni yenye bitana ya pamba ndiyo rehema kwa wageni wenu.

Namna ya kuitaja rangi

"Kijani" peke yake si rangi. Semeni kijani cha jani la mwembe, au kijani cha ndimu mbichi, au cha bahari. Waridi iwe ya ua au ya ndani ya chaza. Picha ya simu hudanganya, kwa kuwa kila simu ina mwanga wake, na mtu aliyenunua kwa kuitazama picha hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Kwa wale wanaotafuta kitambaa chao wenyewe, kateni vipande vya sentimita 5 kwa 5, mvibane kwenye kadi, muwapelekee. Yadi moja ya upana wa inchi 45 hutoa zaidi ya vipande 300, na gharama yake ni ndogo kuliko ugomvi mmoja.

Msichague rangi inayopatikana kwenye kitambaa cha aina moja pekee. Jaribio ni hili: muulizeni mwanamke mmoja wa kila rika, bibi, mama, msichana, kama ana kitu cha rangi hiyo tayari. Wawili kati ya watatu wakisema hapana, badilisheni.

Siku na wiki

Wiki 8 kabla, rangi na kitambaa viwe vimekubaliwa. Wiki 6 kabla, kitambaa kiwe mkononi mwenu. Wiki 5 kabla, kila mtu awe amepata chake. Mafundi wapewe wiki 3, na tarehe mnayowatajia iwe siku 7 kabla ya tarehe ya kweli. Watoto wakatiwe mwisho, wiki 2 kabla, kwa sababu hukua. Mwenye mimba fundi amwachie sentimita 5 za ziada kila upande wa mshono, azifungue akihitaji.

Kalenda hii yote huvunjika mbele ya Ramadhani. Mafundi wa Langoni na Mkomani, mitaa ya Lamu, kama mafundi wa kila mji wa pwani, hujaa nguo za Idd tangu katikati ya mwezi na hawapokei kazi mpya. Harusi nyingi nazo hupangwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kwa harusi ya mwezi huo, nguo zipelekwe kwa fundi mwezi wa Shaabani, zishonwe kabla ya kufunga. Msigawe mzigo wote kwa fundi mmoja: nguo 40 zigawanywe kwa mafundi watatu au wanne, kila nguo ikiwa na jina la mwenyewe limeandikwa kwenye kitambaa na kushikizwa kwa uzi, si karatasi iliyobanwa kwa pini. Karatasi huanguka, na magauni 40 yanayofanana hayana mwenyewe.

Ukikosa wiki 8, usiagize sare. Kuna njia nyingine, tutaifikia.

Pesa

Bei iwe ile mliyonunulia, itajwe wazi, na risiti iwepo kwa atakaye kuiona. Anayeongeza hata shilingi 50 juu ya kila doti amegeuza harusi ya mwanawe duka, na itajulikana, maana mwenye duka ana ndugu Lamu.

Mtu mmoja apokee pesa kwa M-Pesa yake na aandike kwenye daftari. Daftari hilo lisiingie kundini. Tumeona orodha za "waliolipa" na "bado" zikibandikwa kwenye WhatsApp, majina kamili, mbele ya mawifi na wakwe. Hiyo ni kumvua mtu nguo ili umvishe sare. Anayechelewa huulizwa peke yake, mara moja, kwa sauti ya chini. Asipojibu, doti yake ipelekwe nyumbani kwake imefungwa, na apelekaye aseme, "Hii yako, mama amekuwekea." Basi. Wekeni fungu la kulipia doti za watu kama hao tangu mwanzo: kwa kila doti 10, hesabuni 2 za kutoa. Nyumba isiyoweza kubeba 2 katika 10 haina uwezo wa sare, na hakuna aibu katika hilo.

Bibi wa nyumba hawatozwi kamwe. Wala somo, wala anayempamba bi harusi, wala wanaopika.

Maneno ya kuandika

Kadi ya mwaliko isitaje nguo. Kadi humwita mtu. Habari ya mavazi iende kando, baada ya siku mbili tatu, na iandikwe kwa namna ambayo anayeisoma akiwa hana kitu asijione amefukuzwa.

Kwa ndugu wa karibu:

"Assalaam aleikum shangazi. Inshallah usiku wa hina ni Alhamisi baada ya Isha, nyumbani. Leso ya nyumba iko kwa mama na doti yako imewekwa. Ukipenda kuivaa tutafurahi, na ukija na yako mahali pako ni pale pale mbele. Twakutaka wewe."

Kwa wageni:

"Usiku wa kupamba wenye nyumba watavaa kijani. Nyinyi wageni wetu vaeni rangi yoyote muipendayo. Nyeupe tu twaomba tumwachie bi harusi. Simu tutazihifadhi mlangoni."

Kwa wanaotoka mbali:

"Njia za Lamu ni nyembamba, zina ngazi na mchanga. Njooni na viatu vya chini, vya kisigino mvitie mkobani. Mtakaoshuka Mokowe, gauni liwe kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka mfike, maana boti hurusha maji."

Maneno haya msiyaandike: "asiye na sare asije", "sare ni lazima", "tunza heshima yako uvae rangi". Hata kwa mzaha. Na msimtume mtoto wa miaka 20 kumwambia mtu mzima avae nini; kauli hiyo itoke kwa mwenye umri wake. Kwa bibi wasiosoma simu, apite mwalikaji nyumba kwa nyumba kama ilivyokuwa, akae, anywe kahawa, aseme.

Kuna watu wasiopelekewa habari ya sare kabisa. Aliye edani ni mmoja: mke aliyefiwa na mumewe hukaa miezi 4 na siku 10 bila kujipamba, naye hatarajiwi harusini. Kumpelekea kitambaa cha kung'aa ni kumtonesha. Mtembeleeni, mpeni habari ya harusi kwa mdomo, mumpelekee chakula siku ile. Nyumba iliyofiwa karibuni nayo ni vivyo hivyo. Na msiba ukiingia katika nyumba ya harusi yenyewe, sare huwekwa chini, hata ikiwa imeshonwa.

Shela nayo ina jambo lake. Kutoka mjini Lamu ni kiasi cha kilomita 3, dakika 40 kwa miguu, lakini sehemu ya njia ya pwani hufunikwa maji yakijaa. Harusi ikiwa Shela usiku, tazameni maji kwanza kabla ya kuchagua magauni yanayoburura. Gauni liishie sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, na buibui liwe refu kulipita.

Malindi na wageni wa nje

Malindi harusi huwa na watu wa namna nyingi zaidi: Waswahili, Wabajuni, Waarabu, Wagiriama, Wakristo na Waislamu katika ukoo mmoja, na mara nyingi Waitaliano waliokaa mjini miaka mingi. Hapa mgeni huuliza mwenyewe avae nini, na kumjibu "chochote" si ukarimu, ni kumtupa. Mwambieni kwa lugha anayoisoma: nguo ndefu, isiyobana, mabega na magoti yamefunikwa, si nyeupe, wanaume suruali ndefu na shati la mikono. Mwambieni pia kama wanaume na wanawake watakaa mbalimbali, ili mke asishangae mlangoni. Msimtake avae buibui. Buibui si nguo ya maonyesho. Akipenda, mfungeni leso.

Hando la Kigiriama nalo lisigeuzwe sare ya wageni. Ni nguo ya akina mama wa kabila hilo na ina wenyewe. Familia ikitaka hando lionekane, waulizwe bibi wa upande huo, wao ndio wavae, na wao ndio waseme nani mwingine.

Mlangoni

Mlango wa kupamba apewe mama mmoja mpole, si kijana mwenye orodha. Kazi yake ni tatu. Kwanza, kapu la leso 10 safi zilizokunjwa, kwa aliyekuja na nguo fupi au iliyoraruka njiani. Anampa huku akimsalimu, bila neno. Pili, simu. Mpiga picha awe mwanamke, na simu za wageni zifungwe kwenye mifuko yenye namba, kwa sababu wanawake wamevua mabuibui wakitegemea kuwa picha zao hazitatoka ukutani. Tatu, mabuibui yenyewe. Mabuibui 150 meusi yakirundikwa kitandani, saa sita za usiku hakuna anayelijua lake, na wengine watarudi na la mtu, fupi au refu. Wekeni mifuko na kalamu, jina liandikwe, mifuko ipangwe kwa herufi. Chumba yanamowekwa kiwe na kioo na pini.

Anayeingia bila rangi hukaribishwa kama wengine, tena mbele. Msipange viti kwa sare. Mpiga picha aambiwe mapema apige picha moja ya wenye sare na moja ya wote, asimsukume mtu kando kwa ajili ya rangi.

Sare isiyomshinda mtu

Kwa nyumba isiyo na wiki 8, au isiyo na fungu la 2 katika 10, au isiyotaka tu kusumbua watu, sare nzuri kuliko zote ni kikuba. Kila mwanamke huja na nguo yake, na mlangoni hubandikwa kikuba cha asumini na rehani kifuani, na kipande cha ua la mkadi kikipatikana. Wote hufanana, wote hunukia, na hakuna aliyelipa.

Kazi yake yataka saa, si pesa. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado matumba, kwa kuwa hufunguka usiku; ukichuma zilizofunguka, zitakuwa zimekwisha kabla bi harusi hajatoka. Hesabuni matumba 15 hadi 20 kwa kikuba kimoja, kwa hivyo wanawake 100 wataka hadi matumba 2,000: zungumzeni na nyumba nne tano zenye miti mapema, msitegemee ua mmoja. Vikuba vifungwe jioni hiyo hiyo na wasichana sita au saba, uzi wa pamba, visiminywe. Vilazwe juu ya jani la mgomba na kufunikwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Maji yakibaki juu ya ua, hugeuka rangi ya kahawia. Visitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, hupika. Pini ziwe za kufunga, 120 kwa wageni 100.

Kilicho kati ya kikuba na gauni ni mtandio: kila mtu nguo yake, mtandio wa rangi moja. Yadi 2 kwa mtu, hapana fundi, ni kukunga tu pembeni.

Mwisho wapishi. Mara nyingi husahauliwa, au hukumbukwa kwa kuvishwa kama wenye nyumba, na hilo la pili ni hatari. Shifoni na satini za nailoni huyeyuka zikikaribia moto na kushika ngozi, na masufuria ya harusi hukaa juu ya kuni. Wapeni wapishi leso za pamba, doti moja moja na ya pili ya kubadilisha, mpya, jina zuri, siku moja kabla. Wengine wakipokea sare ya kupamba, wapishi nao wapate ya kwao iwangoje wakishaosha mikono, na mama mmoja wa nyumba awaite kwa majina waingie ukumbini.